Mashua Iongozwayo kutoka Ufukoni

Watoto wa pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani hupenda kuchonga vijahazi vya kuchezea. Huchukua kipande cha mti mwepesi, wakakichonga omo na tezi, wakasimamisha mlingoti wa kijiti, wakatweka tanga la kitambaa, kisha wakakishusha majini. Kikishika upepo, chombo huenda mbio, na wenyewe hukifuata wakikimbia mchangani. Lakini kikiisha kutoka mkononi, hakuna awezaye kukiamuru tena. Upepo ukigeuka, nacho hugeuka; mkondo ukikivuta, huenda nao, na mwenyewe hubaki amesimama akikitazama mpaka kimetoweka.

Ipo mashua nyingine ndogo isiyo na tanga wala kamba, na ndani yake hamna mtu, walakini humtii mwenyewe aliyesimama ufukoni. Akitaka iende mbele, huenda. Akitaka igeuke kulia, hugeuka. Akitaka isimame, husimama. Kwa mtu asiyejua, jambo hili hufanana na uchawi. Lakini si uchawi hata kidogo. Ni kazi ya mota, usukani na mawimbi ya redio, na kila sehemu yake yaweza kuelezwa na kufahamika.

1. Mashua ya Nikola Tesla

Mtu wa kwanza kuonyesha watu mashua ya namna hii alikuwa Nikola Tesla. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, katika nchi ambayo sasa huitwa Kroatia, akahamia Marekani mwaka 1884. Miaka michache baadaye, yule mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alithibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yapitayo hewani bila waya. Wengi waliosikia habari hizi walifikiri juu ya kupelekeana maneno, na ndiyo asili ya simu ya upepo. Tesla alifikiri jambo jingine: ikiwa wimbi laweza kuchukua habari, kwa nini lisichukue amri?

Basi akaunda mashua ya chuma, urefu wake futi 4 hivi. Ndani yake alitia betri, mota ya kuzungusha rafadha, yaani lile pangaboi lisukumalo maji, na mota nyingine ya kugeuza usukani. Sikio la mashua lilikuwa kichupa chenye chembe za chuma. Chembe hizo zikiwa zimelegea, umeme haupiti. Lakini wimbi likifika, hushikamana, na umeme hupita. Baada ya kila amri, kichupa kilipinduliwa ili chembe ziachane na kungoja amri nyingine.

Sikio hilo halikujua maneno mengi. Liliweza kusikia jambo moja tu, kwamba wimbi limefika. Kwa hiyo Tesla alitia kigurudumu kilichosogea hatua moja kwa kila wimbi. Hatua moja iligeuza usukani upande huu, ya pili iliusimamisha, ya tatu iliugeuza upande wa pili, ya nne iliusimamisha tena. Nahodha wa ufukoni alipaswa kukumbuka hatua aliyofikia. Akisahau, mashua ilienda kushoto hali yeye ataka kulia.

Mwaka 1898 Tesla aliionyesha mashua hiyo katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, ndani ya birika kubwa la maji. Watu walistaajabu mno. Husimuliwa kwamba wengine walidhani anaiongoza kwa nguvu za mawazo yake, na wengine wakasema amemficha ndani yake nyani aliyefundishwa. Tarehe 8 Novemba mwaka huo huo serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi, nambari 613,809. Miaka minane baadaye, yaani mwaka 1906, mhandisi wa Hispania, Leonardo Torres Quevedo, naye aliongoza mashua kutoka ufukoni katika mji wa Bilbao, mbele ya Mfalme Alfonso wa 13 na watu wengi.

Tangu siku hizo vyombo vimekuwa vyepesi na rahisi, hata kijana mwenye subira aweza kuvitia katika mashua aliyoiunda mwenyewe. Lakini kanuni ni zile zile, na makosa ni yale yale.

2. Njia ya amri

Katika jahazi kubwa nahodha hutoa amri, na msukani huisikia, akaishika kana, akageuza usukani. Katika mashua ndogo kazi hizo hufanywa na vyombo vinne. Cha kwanza ni mtambo wa kupelekea amri, ambao nahodha huushika mikononi ufukoni. Una mikono miwili midogo ya kuongozea: mmoja wa mwendo, mmoja wa usukani. Cha pili ni kipokezi, ambacho hukaa ndani ya mashua na kusikia mawimbi. Cha tatu ni kidhibiti mwendo, ambacho hupokea amri kutoka kwa kipokezi na kuipimia mota umeme wa kuitosha, mwingi au kidogo, wa kwenda mbele au wa kurudi nyuma. Cha nne ni servo, ambayo ndiyo msukani. Juu ya vyote ipo betri, ambayo ni chakula chao.

Vyombo hivi ni kama pete za mnyororo. Pete moja ikikatika, mashua hubaki katikati ya maji kama gogo. Kwa hiyo fundi mwema haanzi kwa kupaka rangi nzuri, bali huanza kwa kuhakikisha kila pete.

3. Mota na rafadha

Ndani ya mota ya kawaida mna sumaku zisizosogea, na katikati yake mna kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Umeme wa betri ukipita katika waya huo, kiini nacho huwa sumaku. Kwa kuwa sumaku huvutana na kusukumana, kiini huzunguka. Umeme huingia kwa vipande viwili vya makaa viitwavyo burashi, ambavyo hugusa pete ya shaba iliyokatwa vipande. Pete hiyo hugeuza mkondo wa umeme kila mara, ili kiini kisitulie njiani. Siku hizi zipo pia mota zisizo na burashi, zenye nyaya tatu na kidhibiti mwendo cha namna yake. Ni zenye nguvu sana kwa uzito wake, lakini kwa mwanafunzi mota ya burashi ni mwalimu mzuri, maana huenda polepole na gharama yake ni ndogo.

Mota hukaa ndani ya mashua mahali pakavu, na rafadha hukaa nje ndani ya maji. Kati yake hupita mhimili, yaani fito ya chuma ipelekayo mzunguko. Hapo ndipo penye kazi ngumu, kwa sababu lazima mwili wa mashua utobolewe chini ya mstari wa maji, na tundu chini ya maji ni adui wa kila chombo. Dawa yake ni bomba jembamba la shaba. Bomba hupitishwa katika tundu hilo na kugandishwa kwa gundi ya epoksi pande zote, kisha mhimili huzunguka ndani ya bomba. Kila ncha ya bomba hutiwa kikombe kidogo cha shaba cha kushika mhimili usitikisike, na nafasi iliyobaki hujazwa grisi.

Maji yakiingia katika bomba hupanda mpaka usawa wa maji yaliyo nje, hayapiti hapo. Kwa hiyo ncha ya ndani ya bomba ikiwa juu ya mstari wa maji, hata grisi ikipungua mashua haitajaa. Lakini bomba likiinama mno kwa ajili ya kutafuta kimo hicho, rafadha husukuma maji kuelekea chini badala ya nyuma, na nguvu hupotea. Yafaa bomba liwe refu na linyanyuke kidogo kidogo. Mashua ikiwa fupi na bomba haliwezi kufika juu ya mstari wa maji, grisi ndiyo ngome pekee. Basi haina budi kuongezwa mara kwa mara.

Sasa mota yapaswa kuunganishwa na mhimili. Kosa lionekanalo sana ni kufunga mota kwa kukisia, ikaelekea huku na mhimili ukaelekea kule. Kiungo chenye kukunjika kitaficha kosa hilo kwa muda, lakini mashua itapiga kelele, mota itapata moto, na betri itaisha mapema. Mafundi hutumia hila rahisi. Huchukua kijibomba kigumu kilichonyoka, wakakivika juu ya ncha ya mota na ncha ya mhimili pamoja, hata vyote viwili vikawa kama fimbo moja. Ndipo hugandisha kitako cha mota mahali pale pale kilipojiweka. Gundi ikiisha kukauka, hutoa kile kijibomba na kutia kiungo cha kukunjika. Mota iliyowekwa hivi huzunguka kwa sauti nyembamba iliyo sawasawa.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa rafadha. Mwanafunzi hudhani kwamba rafadha kubwa italeta mwendo mkubwa. Sivyo. Rafadha kubwa hukamata maji mengi kuliko mota iwezavyo kusukuma. Mota huelemewa, huvuta umeme mwingi, hupata joto, na mwishowe waya zake huungua. Desturi ya mafundi ni kwamba, ikiwa mota imeungwa na mhimili bila magurudumu ya meno kati yake, rafadha isiwe pana kuliko mota yenyewe. Kisha mashua huendeshwa kwa dakika chache, hurudishwa, na mota huguswa. Ikiwa ya vuguvugu, ni vema. Ikiwa haigusiki kwa joto, rafadha ipunguzwe. Tena karibu na betri hutiwa fyuzi, yaani kiwaya kilichowekwa makusudi kikatike kwanza. Majani yakijizungusha katika rafadha na kuizuia, ni afadhali fyuzi ndogo ikatike kuliko mashua nzima iungue.

4. Usukani na kana

Usukani huwekwa nyuma ya rafadha, karibu nayo, ili maji yanayosukumwa na rafadha yaupige ubapa wake. Sababu yake ni hii: usukani hauna nguvu yake mwenyewe. Huazima nguvu ya maji yapitayo. Maji yakiupita upesi, hugeuza chombo kwa nguvu. Yasipopita, hauna amri yo yote. Kwa sababu hiyo nahodha mgeni akiona mashua yaelekea jiwe, akazima mota kwa hofu kisha akageuza usukani, mashua humwendea jiwe moja kwa moja. Nahodha aliyezoea huiacha rafadha izunguke polepole, na usukani humtii.

Mti wa usukani nao hupita katika bomba lake lililogandishwa kwenye tezi, na ncha ya juu ya bomba hilo lazima iwe juu ya mstari wa maji. Sehemu ndogo ya ubapa, kama moja ya tano, hukaa mbele ya mti, na iliyobaki hukaa nyuma yake. Maji yakipiga sehemu ya mbele husaidia kugeuza, na servo haichoki. Lakini sehemu ya mbele isizidi, maana usukani utataka kujigeuza wenyewe.

Juu ya mti wa usukani hufungwa kana, na kana huunganishwa na servo kwa fimbo ya waya. Servo ni kijisanduku kidogo, na ndani yake mna mota ndogo, magurudumu ya meno, na kipimo kinachojua mkono wa servo umegeuka kiasi gani. Kipokezi huipelekea servo ishara fupi sana, mara 50 hivi kwa kila sekunde. Ishara iliyodumu sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde maana yake ni “kaa katikati.” Ikidumu sehemu moja tu ya elfu, maana yake ni “geuka upande huu”, ikidumu sehemu mbili, “geuka upande ule.” Servo hulinganisha amri hiyo na kipimo chake, ikajisogeza mpaka viwili hivyo vikapatana, ikasimama. Hapa ndipo ilipopita mashua ya Tesla. Ile ilijua tu kulia, kushoto na kusimama. Servo yaweza kugeuza usukani kidogo, zaidi kidogo, au sana, kama mkono wa msukani aliye hai.

Katika kuifunga, mambo matatu yaangaliwe. Kwanza, usukani ukiwa umenyoka, fimbo na mkono wa servo viwe kama pembe ya mraba, na fimbo na kana vivyo hivyo. Vinginevyo mashua itageuka sana upande mmoja na kidogo upande wa pili. Pili, usukani usigeuke zaidi ya nyuzi 35 hivi kila upande. Ukipita hapo, maji hayafuati tena ubapa wake, bali huvurugika nyuma yake. Usukani huwa kama mkono uliokingama njiani, huzuia mashua wala hauigeuzi vema. Kama wageuka mno, fimbo ihamishiwe tundu lililo karibu na katikati ya servo, au tundu la mbali zaidi katika kana. Tatu, fimbo isikwame po pote. Servo inayonguruma hali imesimama yashindana na kitu, na mashindano hayo hula betri.

5. Sikio la mashua

Kipokezi ni chombo kisichopenda maji wala kelele. Maji yanajulikana; lakini kelele ni ya namna gani? Ni kelele ya umeme. Burashi za mota zikigusa ile pete ya shaba hutoa cheche ndogo ndogo, na Hertz alikwisha kuonyesha kwamba cheche hutoa mawimbi. Katika siku za Tesla cheche ilikuwa sauti ya nahodha. Sasa cheche za mota ni kama kundi la watu wanaopiga makelele karibu na sikio la msukani, hata asisikie amri ya ufukoni. Servo huanza kutetemeka bila kuamriwa, na mashua huzunguka ovyo. Dawa yake ni kulehemu juu ya mota vyombo vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo humeza kelele hizo pale pale zinapozaliwa, na kuweka kipokezi mbali na mota na nyaya zake nene.

Zamani kidogo mitambo mingi ilitumia mawimbi yatikisikayo mara milioni 27 kwa sekunde, na kila mtambo ulikuwa na sehemu yake katika mawimbi hayo. Watu wawili wakichagua sehemu moja katika ziwa moja, mashua ilipata amri mbili pamoja. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, nao walisema kweli hata kwa habari ya redio. Mitambo mingi ya siku hizi hutumia mawimbi yatikisikayo mara milioni 2,400 kwa sekunde, ambayo urefu wa kila moja ni kama sentimita 12 na nusu. Kila mtambo hufungamanishwa na kipokezi chake, na kipokezi hakisikii sauti ya mwingine. Lakini mawimbi haya hayapiti majini. Waya wa kipokezi wa kunasa mawimbi ukiwa chini ya mstari wa maji, mashua huwa kiziwi ikiisha kwenda mbali. Basi yapasa usimamishwe juu iwezekanavyo.

6. Farumi na maji

Jahazi tupu hutiwa farumi ili lisipinduke, na mashua ndogo vilevile. Farumi yake ya kwanza ni betri, kwa kuwa ni kitu kizito. Huwekwa chini kabisa na katikati, na kufungwa isiteleze; maana betri iliyoteleza upande mmoja wakati wa kugeuka huweza kupindua mashua. Kabla ya kugandisha cho chote, mashua huwekwa ndani ya karai la maji na vyombo vyote hupangwa ndani yake, vikasogezwa huku na huku mpaka imekaa sawa, wala omo wala tezi isiinamie majini.

Betri za siku hizi za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zataka heshima. Zikitobolewa, zikijazwa umeme kupita kiasi, au waya zake mbili zikigusana, zaweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Hujazwa kwa chombo chake maalumu tu, mahali pasipo vitu vya kuungua, na mtu mzima akiwapo. Betri iliyovimba haitumiwi tena.

Kabla ya safari mashua huachwa majini muda wa saa nzima bila kuendeshwa, kisha hufunguliwa na kuangaliwa. Tone moja la maji katika ngama si jambo la kucheka. Mashua kubwa ina mabaharia wa kufua maji. Hii haina mtu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

7. Safari ya kwanza

Siku ya safari mtambo wa ufukoni huwashwa kwanza, ndipo huwashwa mashua. Na wakati wa kumaliza, mashua huzimwa kwanza, ndipo mtambo. Utaratibu huu ukigeuzwa, kipokezi hubaki bila nahodha, na rafadha yaweza kuzunguka ghafula na kukata vidole. Kisha mtu mmoja huishika mashua nchi kavu, vidole na nguo zake zikiwa mbali na rafadha, na mwenzake huenda mbali na mtambo, akijaribu usukani. Kama mashua yasikia kutoka mbali, na usukani wageuka upande ulioamriwa, ni tayari.

Jaribio moja halina budi kufanywa, wala wengi hulisahau. Mashua ingali imeshikwa na rafadha yazunguka, mtambo wa ufukoni huzimwa makusudi. Rafadha yapaswa kusimama. Vipokezi vingi vyaweza kupangwa hivyo, kwamba vikipotewa na sauti ya nahodha, vizime mota. Isipopangwa hivyo, mashua itakayopotewa na amri itakwenda mbio mpaka igonge kitu au mtu anayeogelea.

Majini nahodha mgeni hukutana na jambo la kumchanganya. Mashua ikienda mbali naye, kulia kwake ni kulia kwa mashua. Ikigeuka na kumrudia, kulia kwa mashua ni kushoto kwake. Wengi wamegonga kuta kwa sababu hiyo. Dawa ni kujiwazia umesimama ndani ya mashua, ukitazama omo.

Tena mashua ikisimama katikati ya ziwa, mtoto asiingie majini kuifuata. Katika mchezo huu wote hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Maji ya bwawa huwa na matope na majani yenye kushika miguu, na mashua iliyoonekana karibu huwa mbali kwa mwenye kuogelea. Watu wenye akili huchukua mshipi wa kuvulia uliofungwa mpira unaoelea, wakaurusha ng'ambo ya mashua, wakaivuta polepole; au hungoja upepo uilete ufukoni; au humwomba mtu mzima mwenye mashua ya kweli. Mota hununuliwa dukani, uhai haununuliwi.

8. Mchezo uliookoa watu

Pengine mtu atasema, “Haya yote ni mchezo tu.” Basi asikie habari hii. Huko Marekani kiliundwa chombo kidogo cha kuokolea kiitwacho EMILY. Urefu wake ni futi 4 hivi, kama mashua ya Tesla. Ni boya lenye mota, betri, kipokezi na usukani, nalo huongozwa na mtu aliye ufukoni au chomboni. Waliokiunda walifikiri sana habari ya rafadha. Mtu anayezama hupapasa kila kitu kwa mikono, na pangaboi linalozunguka lingemjeruhi. Kwa hiyo walilificha ndani ya bomba: maji huvutwa chini ya chombo na kutupwa nyuma kwa nguvu, na chombo hugeuzwa kwa kuelekeza maji hayo huku au huku.

Katika miaka ya 2015 na 2016 watu wengi waliokimbia vita walivuka bahari kutoka Uturuki kwenda visiwa vya Ugiriki, wakiwa wamejazana katika vyombo dhaifu vya mpira. Wengi walizama. Mapema mwaka 2016 EMILY ilipelekwa katika kisiwa cha Lesbos, ikatumiwa na waokoaji kuwafikia wakimbizi mahali palipokuwa na hatari kwa mwokoaji kuogelea. Mtu aliyekuwa majini hakuuliza kama chombo kile ni cha mchezo. Alishika kamba yake, akavutwa, akaishi.

Mota ya chombo kile, usukani wake na sikio lake havikutofautiana sana na vile vya mashua ya mwanafunzi. Kama mhimili wake ungalipinda, au waya mmoja ungalilehemiwa kwa uvivu, chombo kingalisimama katikati ya njia. Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Nacho hakizamishwi siku ya kuzama. Huanza kuzamishwa mezani, siku ile fundi aliposema, “Hii yatosha,” hali anajua haitoshi.

Maswali

1. Kwa nini nahodha wa mashua ya Tesla alipaswa kukumbuka hatua aliyofikia? Servo imeondoaje shida hiyo?
2. Kwa nini yafaa ncha ya ndani ya bomba la mhimili iwe juu ya mstari wa maji?
3. Eleza kwa nini usukani hauna nguvu rafadha isipozunguka.
4. Cheche zilikuwa na kazi gani zamani, na kwa nini sasa ni adui?
5. Mashua imesimama katikati ya bwawa. Taja njia tatu za kuirudisha, na ile moja isiyofaa kabisa.